Mwalimu Dalenda na Kompyuta ya Dirishani

Kwetu hadithi hazisimuliwi mchana. Ukisimulia jua lingali juu, watoto wako watatoka vipara, na hilo mji mzima unalijua kama unavyojua njia ya kwenda sokoni. Ushahidi wao ni mimi. Nywele zilianza kuniaga kabla sijaoa, na mpaka leo nikipita mbele ya tanuri la mkate hakosekani mtu wa kuniuliza kama marehemu mama alikuwa akinisimulia kabla ya chakula cha mchana au baada yake. Mama yangu hakuwa anajua hadithi hata moja. Alikuwa mwanamke wa kazi na matusi. Lakini nani anataka kusikia hilo?

Naitwa Ferjani, nafundisha hesabu katika shule ya kati ya mji wetu huu wa mlimani, upande wa Kef. Ukuta wa darasa langu ndio huo huo ukuta wa chumba cha kompyuta, na ni mwembamba kiasi kwamba mtu wa upande wa pili akipiga chafya watoto wangu wanamwombea rehema. Kwa hiyo haya nitakayosema juu ya Mwalimu Dalenda Ayari sikuyaokota barabarani. Nusu nimeyaona kwa macho yangu, na nusu yamenifikia kupitia ukutani.

Dalenda ni mtoto wa huku huku, wa vijumba vya juu karibu na msitu, ambako baba yake alichunga kondoo na bibi yake alisokota sufu. Alisomea kompyuta Tunis, mji mkuu, akafaulu vizuri, na badala ya kubaki huko kama wenzake wote wenye akili timamu, akarudi. Ni mfupi, anaongea haraka, anakula mkate na harisa ya pilipili akiwa amesimama, na mkoba wake umejaa nyaya. Siku ya kwanza alipoingia chumba cha walimu alitusalimu, akaitazama swichi ya ukutani iliyokuwa mbovu tangu enzi za mkuu aliyepita, akatoa bisibisi mkobani na kuitengeneza kabla hajakaa. Nikajua huyu atatusumbua.

Mwaka wa kwanza alifundisha kama tulivyofundishwa sote. Alichora kompyuta ubaoni, akaandika majina ya sehemu zake, watoto wakanakili. Upande wangu nilisikia kimya, nikamwonea wivu nikidhani ana nidhamu ya kijeshi. Kumbe walikuwa wanasinzia. Yeye alijua, na ilimuuma. Aliniambia siku moja tukinywa chai kwamba watoto wa darasa la saba wanaweza kutaja kila kipande cha mashine lakini hawaamini kwamba wao ndio wanaoiamrisha. Wanaigusa kama sahani za wageni.

Mambo yaligeuka kwa swali moja. Alikuwa anaeleza kwamba kompyuta hufuata amri moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ule ule uliopewa, na ukikosea mpangilio umeharibu kazi yote. Akauliza ni kwa nini. Wakainamia madaftari. Akauliza tena, safari hii kwa namna nyingine: msichana aliyeachwa peke yake nyumbani, akifungua mlango kwanza ndipo aulize nani anabisha, itakuwaje? Darasa zima likajibu kwa sauti moja kwamba zimwi litaingia. Hata wanafunzi wangu, waliokuwa katikati ya hesabu za sehemu, walijibu vivyo hivyo.

Tangu siku hiyo aliweka ubao kando. Kila mtoto alitakiwa kuleta hadithi moja ya kwao, aigawe vipande, aichore kwenye skrini, aitie sauti, kisha aiandikie kompyuta amri za kuiendesha. Zimwi linalobisha hodi mara tatu likawa somo la kurudia: huna haja ya kuandika amri ile ile mara tatu, unaiambia mashine irudie. Na zimwi letu, kama ajuavyo kila aliyelelewa huku, hulala macho wazi na hukesha likiwa limeyafumba. Hilo likawa somo la sharti. Kama macho ya zimwi yako wazi, pita. La sivyo, kaa ulipo.

Kuna mvulana aitwaye Ghayth aliyeliandika sharti hilo kinyume, na msichana wake akawa analiwa kila alipobonyeza. Wenzake walicheka mpaka nikaacha kufundisha nikaenda kuchungulia. Ghayth alikuwa ameng'ang'ania ile kazi, masikio yamemwiva, na Dalenda amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, anauma mdomo jibu lisimtoke. Alimwacha ahangaike. Dakika chache kabla ya kengele mtoto akaliona kosa lake mwenyewe, akalirekebisha, msichana akalipita zimwi salama, na darasa likapiga makofi. Mimi nina miaka mingi kazini kuliko yule binti, na hilo bado linanishinda. Jibu likishanijia, linanitoka tu.

Kuhusu suala la mchana, alikuwa amelifikiria. Yeye si mgeni huku. Hadithi zote za bibi yake alizisikia baada ya chakula cha jioni, sufu ikisokotwa. Aliwaambia watoto kwamba darasani tunachora na kuandika amri, na hiyo ni kazi, si kusimulia. Sauti zitarekodiwa nyumbani baada ya jua kuzama, na nyumbani ndiko zitakakosikilizwa. Alijipangia vizuri, ila alisahau kwamba watoto ni watoto.

Katika darasa lile alikuwemo Ibtihal, msichana mkimya anayelelewa na bibi yake, Ommi Barnia; 'Ommi' kwetu ni 'Mama'. Ommi Barnia ana hadithi ya wasichana saba walioachwa nyumbani na zimwi lililowabishia hodi, na hapa mjini ni yeye peke yake anayeijua mpaka mwisho. Wengine wote huishia njiani, kisha wanasingizia usingizi. Jioni moja alikubali simu ya mjukuu wake iwekwe mbele yake akasimulia yote, lakini alipoambiwa asikilize alichosema alikataa katakata. Sauti ikishamtoka mtu, alisema, si ya kurudishiwa tena.

Kesho yake asubuhi Ibtihal alikuwa na shida ndogo: mdomo wa bibi aliyemchora haukwenda sawa na maneno. Akabonyeza ajaribu kidogo tu. Sauti ya Ommi Barnia ikatoka saa nne asubuhi, jua limejaa chumbani, na hakuna mtoto aliyeendelea na kazi yake. Upande wangu kalamu zilisimama. Yangu pia, nisiseme uongo. Dalenda aliniambia baadaye kwamba alitembea hadi kwenye ile mashine ili aizime, na mkono ukagoma.

Wiki ile ile kinyozi akagundua kidoa kwenye kichwa cha Ghayth, mviringo, laini, hakina unywele hata mmoja.

Nesi wa zahanati alisema ni mapunye, kayapata kwa paka, akatoa dawa ya kupaka. Na kweli mtoto alikuwa analala na paka. Lakini kwenye hamamu, bafu la mji, wanawake walikuwa wameshamaliza kesi, na mmoja wao aliuliza swali ambalo hakuna daktari angelijibu: na huyo paka, katumwa na nani? Siku iliyofuata akina mama walikuwa mlangoni kwa mkuu wa shule, Si Mokdad; hilo 'Si' kwetu ni 'Bwana'. Si Mokdad si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa vitu viwili, wazazi na simu ya mkoani, na siku hiyo kimoja kilikuwa mbele yake na kingine kilikuwa kinaweza kulia wakati wowote. Akamwita Dalenda na kumwambia bila kuzunguka: ama awaridhishe wazazi, ama arudi kwenye ubao na vitabu, na hadithi ziishe. Na wazazi walikuwa wamesema wazi kwamba watamsikiliza Ommi Barnia. Yeye akiridhika, nao wameridhika.

Dalenda alitoka ofisini uso umemshuka. Aliniambia hawezi kurudi kuchora kipanya kwa chaki. Alisema ameshawaona watoto hawa wakiwa macho, na hawezi tena kuwatazama wakilala.

Tulikwenda pamoja kwa Ommi Barnia, maana kwetu mtu haendi kuomba radhi peke yake, na mimi, nikubali tu, nilitaka kuona. Tulimkuta uani anachekecha kuskusi, mwanamke mwembamba mwenye nakshi ya buluu iliyochanjwa kidevuni. Alimtazama Dalenda, kisha akanitazama mimi kuanzia kichwani, na macho yakabaki huko huko.

"Na huyu umemleta wa nini? Awe mfano?"

Nikasema nimekuja kusalimia tu. Akasema salamu imefika, nikae kivulini nisije nikawachoma macho. Kisha akamgeukia Dalenda na mzaha ukaisha.

"Mwanangu, mimi nilikupa sauti ya usiku. Wewe umekwenda kuitoa mchana."

"Nimekosa, Ommi."

"Iko wapi sasa?"

Dalenda alikuwa ameshaitoa kwenye mashine zote za shule. Ilibaki kwenye simu ya Ibtihal tu, na simu hiyo alikuwa nayo. Akaiweka kwenye kiganja chake na kuinyoosha mbele ya bibi. Alisema sauti ni mali ya mwenyewe, akiambiwa aifute ataifuta hapo hapo.

"Ifute."

Akaifuta. Hakubembeleza, hakusema kwamba hakuna mwingine mjini anayeijua hadithi hiyo mpaka mwisho, wala hakumtaja paka. Ibtihal alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtiririka kimya kimya. Mimi niliona kama ninang'olewa jino. Nadhani Ommi Barnia alikuwa amejiandaa kubishana. Alikuwa na majibu yake tayari, moto moto, na hakuna aliyeyahitaji. Akabaki ameshika chekecheo mikononi bila kulitikisa.

Ndipo Ibtihal aliposema, kutoka pale mlangoni:

"Ommi, na kama mashine ingekataa yenyewe?"

"Ikatae nini?"

"Ikatae kusimulia mchana. Mtu akiibonyeza jua halijazama, igome."

Dalenda aligeuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Akamwomba mtoto aseme tena. Ibtihal akafuta pua kwa mkono wa sweta na kusema ni sharti tu, Mwalimu, kama lile la zimwi: kama jua limezama, simulia, la sivyo, nyamaza.

Ommi Barnia alicheka kwa pua. Alisema hajawahi kuona chombo chenye adabu, redio ya marehemu mume wake ilikuwa inaimba hata msibani. Lakini alimtazama mjukuu wake, kisha akatoa hukumu. Atasimulia tena jioni hiyo. Kisha atakuja shuleni mwenyewe, mchana kweupe, na akina mama wenzake, azijaribu hizo mashine. Zikinyamaza, yaishe. Ikifungua mdomo hata moja, atamshika Ibtihal mkono warudi nyumbani, na wengine watafanya hivyo hivyo na wa kwao.

Wiki hiyo hata mimi nilifundisha vibaya, masikio yalikuwa ukutani. Darasa la saba waliandika sharti lao kwa furaha: ikifika saa kumi na mbili jioni, usiku umeingia. Dalenda akawauliza kwa upole: na Desemba? Huku kwetu kaskazini, Desemba saa hizo ni giza zamani. Na Juni je? Juni jua linakuwa bado liko juu ya mlima na wavulana wako uwanjani na mpira. Akawaacha hapo, akaenda kula mkate wake amesimama. Waliporudi siku ya pili mmoja alikuwa amebandua kalenda ya nyakati za sala ukutani kwao, na wakaanza kuingiza saa za magharibi na za jua kuchomoza, mwezi baada ya mwezi, wakigombana nani asome na nani aandike. Mimi niliombwa niwasahihishie hesabu. Nilijifanya nina kazi nyingi, halafu nikaenda mbio.

Lilibaki swali la mashine iseme nini ikibonyezwa mchana, maana kunyamaza tu kungedhaniwa ni ubovu. Ibtihal akaenda nyumbani na simu, na Ommi Barnia akarekodi maneno anayowaambia watoto wote wa mtaa wake tangu hajaota mvi. Hilo, nasikia, alilifanya kwa raha kuliko hadithi yenyewe.

Sasa niseme habari ya kompyuta ya dirishani. Kila kompyuta ina betri ndogo ndani, kama kifungo cha koti, inayoitunzia saa wakati umeme umezimwa. Ya dirishani betri yake ilikuwa imekufa. Kila ikiwashwa upya ilijiona iko saa sita ya usiku, ya mwaka ambao watoto hawa walikuwa hawajazaliwa. Betri mpya ilikuwa imeombwa mkoani, na mkoani wanajibu wanapopenda. Kwa hiyo kila asubuhi Dalenda alianza kazi kwa kuirekebishia saa yake kwa mkono, hata kabla hajavua koti. Ilikuwa ada yake, kama mwingine anavyomwagilia maua.

Siku ya mtihani aliirekebisha kama kawaida. Nilimwona. Ommi Barnia akafika saa nne na dakika zake, amejifunga shuka nyekundu ya sherehe yenye pini za fedha mabegani, akina mama wamemfuata nyuma. Niliwapa wanafunzi wangu zoezi refu, nikasimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Si Mokdad, kwa kutaka kuwakirimu wageni, alikuwa amechomeka birika la umeme koridoni. Birika lile na mashine zile zilikunywa umeme kwenye waya mmoja. Kabla maji hayajapata moto fyuzi ikakatika na skrini zote zikafa.

Dalenda akatoa bisibisi, akatengeneza fyuzi, akalichomoa birika bila kumtazama mkuu wake, na mashine zikawaka tena. Wageni walikuwa wamesimama, ikabidi waletewe viti. Katika purukushani ile alisahau kitu kimoja tu, na ni kile ambacho hakuwahi kukisahau.

Ommi Barnia alikaa mbele ya kompyuta ya kwanza. Ibtihal akabonyeza. Bibi aliyechorwa akainua macho kutoka kwenye sufu yake, na sauti ikasema: "Jua bado linaniona. Nenda kafanye kazi, uje usiku." Akina mama wakaangua kicheko, maana hakuna hata mmoja wao ambaye hakuambiwa maneno hayo utotoni. Wakajaribu ya pili, ikagoma. Ya tatu ikagoma. Si Mokdad alishaanza kutabasamu kama aliyeibuni mwenyewe. Ommi Barnia akainuka, akatazama chumbani, akanyoosha kidole.

"Sasa ile pale, iliyokaa juani. Nataka kuona kama nayo ina adabu."

Nilimwona Dalenda akikumbuka. Angeweza kusema ile ni mbovu, na usingekuwa uongo mkubwa. Angeweza kuichomoa kwa mguu, waya ulikuwa pale pale. Ningekuwa mimi ningefanya yote mawili. Yeye alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba kuna kitu hakukirekebisha kwenye ile, lakini Ommi ana haki ya kuijaribu. Ommi akaenda kukaa mbele yake, Dalenda akamwashiria Ibtihal.

Ibtihal akabonyeza, na mashine ikaanza kusimulia.

Mwanga wa jua ulikuwa umeangukia kibodi, na juu yake sauti ikawa inaeleza jinsi baba alivyowaaga mabinti zake saba na kuwafungia mlango. Mama mmoja alimziba mwanawe masikio. Mwingine alimvuta wa kwake kwa nyuma ya shati. Si Mokdad alitoa macho. Mimi nilimtazama Ommi Barnia, nikisubiri aushike mkono wa Ibtihal, na nilimwona amekaa vile vile, kinywa kimeachama kidogo. Ukiacha yale maneno mafupi ya kugoma, hakuwahi kuisikia sauti yake ikitoka nje yake.

"Huyu ni mama," alisema.

Ibtihal akamwambia taratibu kwamba ni yeye mwenyewe, ni ile ya juzi jioni. Bibi akatikisa kichwa. Akasema anajua sauti ya mama yake. Kisha, bila kuondoa macho kwenye skrini, akamuuliza Dalenda kwa nini hii imesema na zile zingine zimekataa.

Dalenda akachuchumaa karibu na kiti chake.

"Saa yake imekufa, Ommi. Umeme ukikatika, inaanza upya na usiku. Sharti inalo, kama wenzake, na imelitii. Ila haijui kwamba kuna jua. Yenyewe inaona giza."

Sauti iliendelea. Zimwi lilikuwa limefika mlangoni na linabisha kwa mara ya kwanza. Ommi Barnia alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba hataki kumkatiza anayesimulia.

"Mama yangu alipofuka mwishoni. Mchana na usiku kwake vikawa kimoja. Alikuwa anatuita adhuhuri, anasema haya, wanangu, jua limeshazama, kaeni. Hatukuwa na moyo wa kumwambia. Tulikuwa tunafunga dirisha, asije akalihisi jua usoni akaona haya." Akainua ncha ya kitambaa chake cha kichwa, na suka la mvi, nene kama kamba ya ndoo, likaonekana. "Tulikuwa wanne. Tazameni."

Yule aliyekuwa amemziba mwanawe masikio aliondoa mikono, mmoja kwanza, halafu wa pili.

"Fungeni dirisha," alisema Ommi Barnia.

Ghayth, na kile kidoa chake kilichong'aa dawa, ndiye aliyekuwa karibu. Akavuta mbao za dirisha. Chumba kikawa na kiza cha wastani, na pale tulikaa, walimu, wazazi, watoto, mkuu wa shule kwenye kiti kisichomtosha, tukaisikiliza hadithi ya wasichana saba mpaka mwisho. Na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuusikia mwisho wake. Wanafunzi wangu waliliacha zoezi wakaja kukaa sakafuni koridoni, na sikuwafukuza.

Ilipokwisha Ommi Barnia alipangusa macho kwa kiganja, akasimama, akatoa hukumu yake kama hakimu asiyetaka rufaa. Hizi nyingine zishike adabu zao mpaka jua lizame. Hii ya dirishani iachwe ilivyo. Kisha akamtazama Dalenda na kumwambia kwamba siku ile nyumbani kwake, alipoifuta sauti bila neno, alimwona ni mtu wa namna gani. Na kwamba aje siku yoyote baada ya magharibi, hadithi anazo nyingine. Mlangoni akanipita, akakitazama kichwa changu kwa huruma ya kweli, akasema ya kwangu huenda ni ya kurithi tu.

Dalenda alisubiri wageni wote watoke. Kisha akakaa kwenye kiti cha dirishani akalia sana, na watoto wa darasa la saba, wasiojua wafanye nini na mwalimu anayelia, wakampelekea mkate.

Hiyo ni miaka kadhaa sasa. Ghayth ana nywele za kuchana. Darasa la saba kila mwaka wanaanza na zimwi na macho yake, wanapitia kalenda ya magharibi, na wanagombania zamu ya kompyuta ya dirishani, kwani ndiyo pekee inayowawezesha kuisikiliza kazi yao asubuhi. Mwalimu Dalenda haanzi tena siku kwa kuirekebishia saa. Anavua koti kwanza, anaiwasha, anavuta mbao za dirisha.

Mwaka huu, mkoani wakakumbuka. Alikuja fundi na kiboksi cha betri, wakati Dalenda yuko kwenye mkutano wa walimu huko Kef, nikaachiwa mimi darasa lake. Nilikuwa nyuma ya chumba nasahihisha madaftari yangu. Fundi alikagua mashine moja moja, akafika ya dirishani, akaona saa yake, akacheka, akatoa betri kiboksini, akachukua bisibisi. Msichana mdogo aliyekuwa amekaa mbele yake, ambaye siku ile ya Ommi Barnia alikuwa bado hajaanza shule, aliweka mkono wake juu ya mashine.

"Hiyo iache, Ami," alimwambia. "Hiyo haioni."

Fundi akageuka kunitazama, akisubiri nimkanye mtoto. Nikamwomba airudishe ile betri kwenye kiboksi.